Deki Iliyomkatiza Mzee Parsaloi

Nimestaafu kazi ya kuuza deki za DVD nikiwa na umri ambao wenzangu wa chuo kikuu ndio kwanza wanaanza kugombea udiwani. Sikuichoka kazi. Kazi yenyewe ndiyo iliyotangulia kuondoka, ikaniacha nyuma ya kaunta kama kasisi ambaye waumini wake wote wamehamia kanisa la jirani. Siku hizi nyinyi mnaoendelea na duka mnauza kava za simu, chaja, na televisheni nyembamba zisizohitaji kulishwa chochote. Siku ya kuniaga mlinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua, na nilipoifungua nikakuta deki ya mwisho iliyokuwa imebaki stoo. Niliitambua mara moja. Nilishajaribu kuiuza kwa watu wengi.

Mmesema niandike machache kuhusu kazi hii kabla haijasahaulika. Kuhusu vyeo sina la kusema: dukani tulikuwa mimi na mwenye duka, na cheo cha mwenye duka kilikuwa kimeshachukuliwa. Nitaanza na siku ya kwanza.

Mwenye duka alikuwa Mzee Abdi, aliyefika Kitengela kutoka Garissa akiuza mbuzi na ng'ombe, halafu siku moja akaamua kwamba vitu visivyokula nyasi vina usumbufu mdogo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya masanduku yaliyofika juu ya dari, lori za simiti zikipita nje na kutumwagia vumbi. Aliniuliza nimesoma nini. Nikamwambia falsafa.

Akafikiri kidogo. "Na hiyo falsafa, inasoma MP3?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema, "tutaanzia hapo."

Mzee Abdi hakuwahi kuacha biashara ya mifugo. Alibadilisha mifugo tu. Deki mpya ikifika aliinyanyua kwa mikono miwili na kuitikisa taratibu karibu na sikio, kama mtu anayekisia uzito wa kondoo. Deki nyepesi sana aliirudisha: umeme wake ni dhaifu, itakufa kabla ya Krismasi. Nikaona nimeelewa. Wiki iliyofuata nikamchagulia iliyokuwa nzito kuliko zote, nikijivuna. Akachukua bisibisi, akaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, kisichogusana na waya wowote, ambacho kazi yake duniani ilikuwa kuwa kizito.

"Walahi, hii wameinywesha maji kabla ya kuileta sokoni," akasema, bila hasira. Ni ujanja anaoujua kila muuza ng'ombe. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini uzito wa kitu chochote, ikiwa ni pamoja na vitabu.

Baada ya uzito kulikuwa na mdomo. Unafinya kitufe, trei inatoka, unachungulia ndani kuona meno ya plastiki yanayoivuta, na jicho dogo la kioo linalosoma diski. Jicho likiwa na ukungu, unalipangusa kwa pamba na spiriti kidogo. Wateja wafugaji kutoka upande wa Isinya na Kisaju hawakuhitaji kufundishwa hatua hii. Walikuja dukani, wakaamuru trei itoke, wakainama kuangalia meno, na nusu yao nadhani walitaka kujua umri. Halafu kulikuwa na kilio. Kila aina ya deki hulia kwa namna yake trei inapotoka: nyingine hupiga chafya, nyingine huguna. Mzee Abdi aliweza kusimama nje na kukuambia ni deki ipi imefunguliwa ndani. Alinilazimisha nijifunze vilio vyote, na nikajifunza, nikijiuliza mama yangu angesema nini kuhusu karo aliyonilipia.

Kwenye sanduku kuliandikwa kwamba deki inasoma kila kitu: DVD, VCD, CD ya nyimbo, MP3, picha, na herufi nyingine ambazo hata walioziandika sidhani walizijua. "Sanduku haidanganyi," Mzee Abdi alikuwa akisema. "Inatumaini tu." Nyuma ya deki za bei nafuu utakuta matundu mengi ya spika, safu nzima yenye rangi za kupendeza. Matundu matatu ndiyo ya kweli: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Yaliyobaki ni mapambo, kama mifuko ya suti ya bei rahisi.

Kwa sababu sanduku linatumaini tu, duka letu lilikuwa na desturi yake: mteja alikuja na diski yake mwenyewe, ile mbaya kuliko zote nyumbani, na deki iliyoweza kuisoma ndiyo aliyoinunua. Ni njia nzuri ya kuchagua na ninaitetea hadi leo. Ila haikufikiriwa vizuri kwa upande wa duka. Familia moja ilikuja kutoka Nkoroi na diski ya mazishi ya babu yao. Deki ikaisoma bila kukwama hata mara moja, na wao wakaiangalia yote, kuanzia mochari hadi shukrani kwa kamati. Walilia. Mteja aliyekuja kuulizia betri akavua kofia. Mama mmoja asiyewajua akaanzisha wimbo. Ilipokwisha, binti mkubwa akajipangusa macho na kuniambia, "Mwalimu, hii deki ni nzuri sana, lakini imetuhuzunisha. Hakuna ingine?"

Kila mtu aliniita Mwalimu, kwa sababu ya digrii. Sijawahi kumfundisha mtu chochote isipokuwa kuchomeka waya wa njano kwenye tundu la njano, jambo ambalo rangi zenyewe zilikuwa zimeshaeleza.

Kulikuwa pia na yule bwana wa Namanga aliyerudisha deki akiwa amekasirika kwa sababu ilionyesha harusi yake kwa rangi nyeusi na nyeupe. "Mimi nilioa kwa rangi!" akasema, akigonga kaunta. Ni jambo la kubadilisha mpangilio mmoja kwenye menyu, mnajua. Nilipobadilisha na gauni la bibi arusi likageuka zambarau, yeye mwenyewe akaliangalia kwa muda, kisha akaniomba nirudishe kama ilivyokuwa.

Hayo ni madogo. Kesi iliyonishinda zote ilianza kwa akina mama wa chama.

Walikuwa wapangaji wa ploti moja nyuma ya soko la Kitengela: safu mbili za nyumba za chumba na sebule zinazotazamana, kati yao uwanja wenye tangi la maji na kamba za nguo. Chama chao kilinunulia kila mwanachama chombo cha nyumbani kwa zamu, na mwenyekiti wake alikuwa Mama Nyambura, mjane aliyesimama wima hata alipokaa. Mwaka mmoja kabla ya kunijia walikuwa wamenunua sufuria, na mmoja wao akapata yenye mfuniko uliong'aa kuliko za wengine. Chama kilikaribia kufa. Kwa hivyo walipokuja kutafuta deki walikuwa na sharti moja tu.

"Mwalimu," akasema Mama Nyambura, "tunataka zote zifanane. Rangi moja, sauti moja, kila kitu moja. Hata zikikosea, zikosee pamoja."

Sijui kama mnaweza kuelewa furaha ya mtu aliyesomea falsafa, akakaa miaka kadhaa akifagia vumbi la simiti, halafu siku moja mteja anamletea swali la usawa. Nikawapa hotuba. Nikawachagulia deki ya rangi ya fedha, yenye kilio kirefu chembamba, kriii, kama mlango wa kanisa. Ilikuwa na sifa moja waliyoipenda: mbele yake kulikuwa na matundu mawili ya maiki, kwa wale wanaopenda kuimba nyumbani. Kila nyumba ikapata yake. Nikarudi dukani nikihisi kwamba elimu yangu haikupotea bure.

Baada ya muda binti wa Mama Nyambura akapata mchumba. Nyambura alikuwa muuza nyanya wa jumla; alizitoa Loitokitok kwa lori na kuzigawa kwa wauzaji wadogo kabla watu hawajaamka. Mchumba, Lemayian, alikuwa kijana mtaratibu wa Kisaju, ambaye kila swali alilijibu kwa kutazama viatu vyake. Wazee wa Kisaju wakaja na mbuzi, kukawa na mazungumzo, na mazungumzo yakavunjika kwenye swali moja: binti ataishi wapi. Baba mkubwa wa Lemayian, Mzee Parsaloi, ndiye aliyekuwa msemaji wao, na alisema ataishi Kisaju, kwenye boma. Njoroge, baba mdogo wa Nyambura na msemaji wa nyumba, alisema binti mwenye biashara Kitengela ataishi Kitengela. Mbuzi wakarudi Kisaju wakiwa hai, jambo ambalo kwa pande zote mbili ni aibu. Mzee Parsaloi akatuma ujumbe kwamba watakuja mara nyingine moja. Ya tatu haipo.

Mara hiyo nyingine wageni walikuwa wengi kuliko sebule. Wakapiga hema uwanjani kati ya safu mbili za nyumba. Kijana wa spika za kukodisha akaleta spika kubwa mbili na maiki, akasahau mashine ya kuziunganisha, akazima simu. Kitu pekee kwenye ploti nzima chenye tundu la maiki kilikuwa deki. Ndiyo maana Mama Nyambura akaniita. Nikaiweka yake mezani mwishoni mwa hema, ikiwatazama wageni, nikachomeka spika nyuma na maiki mbele, na hotuba zote za siku hiyo zikawa zinapita ndani ya chombo cha kuangalizia filamu.

"Leo isiniangushe," akaniambia kwa sauti ya chini, akinirekebishia tai kana kwamba mimi ndiye ninayeposa. "Hawa watu hawarudi tena, na mtoto wangu hali vizuri tangu ile siku."

Njoroge akaanza. Aliongea kuhusu marehemu kaka yake, kuhusu shamba la Kiambu lililouzwa bila yeye kuulizwa, na kuhusu goti lake. Aliongea vizuri na kwa muda mrefu sana. Watu wawili watatu waliinuka kimya kimya kwenda kuangalia sufuria. Deki haikutikisika. Nikapumua.

Maiki ikapokelewa na Mzee Parsaloi, mrefu, shuka nyekundu juu ya koti la suti.

"Sopa!" akatusalimu kwa Kimaasai.

"Epa!" tukaitikia wote, hata wa Kiambu.

"Sisi watu wa Kisaju tumekuja tena, kwa sababu kijana yetu amekataa kusahau. Sasa hii maneno ni fupi. Huyu binti, tukimpata, atakaa..."

Kriii. Trei ikatoka, maiki ikanyamaza. Deki za aina hiyo zilikuwa na tabia hiyo: zikiachama hazisikii. Watu wakacheka. Nikaisukuma trei ndani kwa kidole, nikamwambia mzee pole, sauti ikarudi.

"Nilikuwa nasema, huyu binti atakaa..."

Kriii.

Mara ya pili hakuna aliyecheka. Mzee Parsaloi akaitazama trei iliyomnyooshewa kama mkono wa mtu anayeomba, akamtazama Njoroge, kisha akanitazama mimi.

"Nani ako na ile kitu ya kufinya?"

"Rimoti iko hapa mezani, mzee. Hakuna anayeigusa."

"Niletee."

Nikampa. Akaificha ndani ya shuka, akaibana kwapani. "Sasa tuone. Huyu binti atakaa Ki..."

Kriii.

"Wako na ingine!" akasema mwanamke mmoja wa upande wa Kisaju, shangazi wa Lemayian, akisimama. "Huyu wao ameongea mpaka tukasinzia, haikufanya kitu. Wetu akifungua mdomo, na yenyewe inafungua!"

"Sisi si watu wa hivyo," akasema Njoroge.

"Basi huyo fundi ageuze mifuko."

Hapa lazima niwaeleze wenzangu kwamba nilikuwa na desturi ya kutembea na rimoti ya kujaribia mfukoni, kama daktari na kipimajoto chake. Shangazi akaitoa kwenye koti langu na kuinyanyua juu, na hema lote likavuta pumzi.

"Na hii, Mwalimu?"

"Hiyo ni ya kazi."

"Kazi gani, na leo ni Jumamosi?"

Nikaomba maiki. Nilidhani huu ndio wakati ambao chuo kikuu kilinitayarishia. Nikaanza kueleza kwamba mambo mawili yakifuatana, hiyo peke yake si thibitisho kwamba la kwanza ndilo limesababisha la pili. Nilikuwa ninaingia kwenye mfano wa jogoo na mapambazuko trei ikatoka na kunikata.

"Hata yeye imemkatiza," akasema mzee mmoja wa Kisaju, akionekana kuridhika. "Angalau inaamua sawa."

Hiyo ikaniokoa mimi, lakini haikumwokoa Nyambura. Maana sasa ikiwa si rimoti, ni kitu kingine, na mama mmoja wa chama aliyekuwa pia kiongozi wa maombi akajitokeza bila kuombwa. Akaweka mkono juu ya deki, akafumba macho, akaongea nayo kwa ukali. "Toka!" akaiamuru. Trei ikatoka. Watoto wakakimbia. Mama wa maombi mwenyewe akarudi nyuma hadi akamkalia Njoroge.

Mzee Parsaloi akaweka maiki mezani, polepole.

"Mimi nimeuza na kununua ng'ombe tangu nikiwa kijana," akasema, na kwa kweli hakuhitaji spika. "Nimekatizwa na mvua. Nimekatizwa na askari wa kaunti. Bibi yangu ananikatiza kila siku na nimezoea. Lakini sijawahi kukatizwa na redio kwa nyumba ya watu. Tunaenda."

Vijana wake wakaenda kufungua mbuzi waliokuwa wamefungwa kwenye tangi la maji. Nyambura, ambaye kwa desturi alipaswa kungoja ndani hadi aitwe, akatoka mlangoni. Alimtazama Lemayian, na Lemayian safari hii hakutazama viatu. Alimtazama yeye, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa akiwa ameambiwa asiseme neno. Mama Nyambura akanigeukia mimi. Nikainama kuisukuma trei ndani, ili angalau nionekane nafanya kitu.

Ndipo nikasikia. Niliisukuma ndani, ikakaa kidogo, ikalia tena, kriii. Na nyuma ya hema, mbali kidogo, kitu kikaitikia. Kriii. Kilio kile kile, ila hicho cha pili kilikohoa kidogo mwishoni, kama deki iliyokula vumbi.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. Sijawahi kuwapigia kelele wazee kabla ya siku hiyo. "Tafadhali. Mzee Parsaloi, subiri. Sikilizeni tu."

Hema likanyamaza, labda kwa mshangao. Mbuzi mmoja akalia. Halafu, kriii mezani, na kriii kule nyuma.

Nikatembea kuelekea sauti, na Mzee Parsaloi akanifuata, rimoti bado kwapani, kwa sababu hakuniamini kwenda peke yangu. Nyumba ya mwisho upande wa pili, mlango wake ulikuwa wazi kabisa kwa sababu ya joto. Ilikuwa ya Shosho Wangari, nyanya wa ploti nzima na mwanachama mzee kuliko wote. Soketi yake moja ya stima ilikuwa kando ya mlango, kwa hivyo TV na deki vilikaa hapo, na yeye alikaa ndani kabisa, ukutani, akivielekezea rimoti. Na mwali wa rimoti haukuishia kwenye deki yake; ulitoka nje mlangoni, ukavuka hema, ukafika moja kwa moja mezani kwetu.

"Hodi, Shosho."

"Karibuni, lakini msisimame mbele ya TV."

Alikuwa ameshika diski iliyokwaruzika kama mgongo wa punda wa kubeba maji. Akaipangusa kwa sweta, akaiweka kwenye trei, akafinya. Trei yake ikaingia. Nje, hema likapiga yowe.

"Haisomi," akasema. "Inaandika tu 'hakuna diski'. Na diski si nimeiweka sasa hivi?" Akafinya tena. Yowe lingine.

"Shosho, si ulikuwa pale kwa wageni?"

"Nilikuwa. Njoroge akaongea mpaka chai ikapoa kwa kikombe. Nikasema wacha nije niangalie ile ya mjukuu wangu, nione posa moja mahali wazee wanasikizana."

Mzee Parsaloi akanyoosha mkono. "Koko," akamwita, kama Wamaasai wanavyomwita nyanya yao, "nipe hiyo kidogo."

Akaielekeza mlangoni, akafinya. Kriii, na yowe. Akafinya tena. Uso wake ukaanza kufunguka. "Hebu tena," akajiambia.

Nikamweleza kwamba deki zote za ploti ni za aina moja, kwa hivyo rimoti zote zinaongea lugha moja.

"Nani aliwauzia hawa akina mama deki zote za aina moja?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Usawa, mzee."

Akalitafakari hilo neno akitazama nje. Kule hemani Njoroge alikuwa ameshachukua maiki kuwatuliza wageni, na tulimsikia akisema kwamba katika ukoo wao, tangu zamani, hakujawahi... Mzee Parsaloi, bila haraka, akafinya. Ukoo ukanyamaza. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kumwona mteja aliyeridhika na kifaa kiasi hicho.

Tulirudi na habari, na mwanzoni haikusaidia. Njoroge akataka rimoti ya Shosho ichukuliwe. Mzee Parsaloi akasema asiyeogopa kukatizwa haogopi rimoti. Shangazi ndiye aliyesema la maana. Kama pande zote mbili zinashuku, basi rimoti ishikwe na mtu ambaye pande zote mbili zimeshamchosha. Kwa hivyo Shosho Wangari akaletewa kiti kizuri, akakiweka mlangoni pake, na mazungumzo yakaanza upya chini ya mamlaka yake.

Sijawahi kuhudhuria mazungumzo mafupi kama yale. Njoroge alifika kwenye goti lake, kriii. Mzee Parsaloi alianza kutaja ng'ombe wa babu yake kwa majina, kriii. Mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma trei ndani, na kidole changu kilipata lengelenge. Baada ya muda watu waligundua kwamba kulikuwa na neno moja ambalo Shosho hakuliruhusu kabisa. Njoroge akisema binti "atakaa," anakatwa. Mzee Parsaloi akisema "atakaa," anakatwa. Wakajaribu "ataishi." Wakakatwa. Wakazunguka wee, wakishirikiana sasa, wakisaidiana kutafuta neno, na kila mara trei ikawatokea.

"Sasa Shosho," akasema Njoroge, jasho likimtoka, "wewe unataka nani aongee?"

Shosho akajibu kutoka mlangoni bila maiki, na ploti nzima ikasikia. "Kwani mwenye kukaa hana mdomo?"

Mama Nyambura alikuwa wa kwanza kusogea. Akaichukua maiki mkononi mwa shemeji yake, akavuka hema, akampa binti yake.

Nyambura aliishika kwa mikono miwili. Hakuanza. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba ya mwisho, na sisi sote tukageuka kutazama huko. Shosho Wangari alikuwa ametoa betri kwenye rimoti, amezinyanyua kwenye kiganja kila mtu azione.

"Ongea, mama," akasema. "Ongea mpaka uchoke."

Akaongea. Alisema watu hawa anawajua na Lemayian anampenda, akalisema wazi hivyo, mbele ya wazee, hadi mashangazi wakaanza kurekebisha vilemba. Alisema Kitengela kila mtu anauza nyanya za Loitokitok, lakini Kisaju wateja wanazingoja hadi zinaoza njiani. Alisema yeye na Lemayian wameshakodi duka Kisaju, kando ya barabara, lenye chumba nyuma; si boma la mzee, na si nyumba ya mama. Funguo anazo. Angesema hayo siku ile ya kwanza, lakini maneno yalikuwa yakipita juu ya kichwa chake. Kisha akawaambia vijana wafunge mbuzi vizuri pale tangini, kwa sababu leo hakuna mbuzi anayerudi Kisaju.

Akaweka maiki mezani. Njoroge na Mzee Parsaloi wakatazamana, wakafungua midomo wote wawili kwa pamoja.

Kule mlangoni, Shosho Wangari alikuwa tayari anarudisha betri.